Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayejenga Unguja

Mpwa wangu,

Asalaam aleikum. Picha ya uso wa jengo lako imenifika: ghorofa tatu, vioo vikubwa, na juu ya kila dirisha ua la saruji, yote yametoka kwenye kalibu moja. Mama yako kaniambia kwenye hesabu zako umeyaita nakshi za Kizanzibari. Nisikilize mjomba wako kabla hujamlipa mtu.

Maua hayo yaondoe. Pesa yake yote iweke kwenye mlango mmoja wa mbele, uchongwe kwa mkono.

Najua utasema jengo lako ni la kisasa. Jumba la Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883 enzi ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, lilikuwa la kisasa kuliko yote Unguja: nguzo za chuma zililizunguka pande zote, na baadaye likatiwa umeme na lifti. Na milango yake? Mbao nzito zilizochongwa, zenye aya za Kurani. Barghash hakuona ugomvi wowote kati ya chuma na patasi, nami siuoni.

Usikubali pia wakikwambia mashine ya kompyuta inachonga vilevile. Ncha yake huzunguka, kwa hiyo kila kona ya ndani hubaki na uduara, na mara nyingi kina ni kilekile mwanzo hadi mwisho. Fundi huifikisha patasi kwenye kona yenyewe, kisha huilaza na kuchimba chini ya jani mpaka jani likanyanyuka. Kwetu jua la mchana liko karibu na utosi, linaangukia mlango kutoka juu. Mpita njia haoni waridi wala mnyororo uliochongwa. Anaona vivuli vyake. Nakshi ya juu juu hufutika saa sita mchana, na hapo ndipo wateja wako watakapokuwa wanapita.

Sasa shida ya kweli, ambayo mchoraji wako hajaiona. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa. Miimo mipana, zile mbao za wima za fremu, inakaa ndani ya ukuta, mvua haiifikii sana. Wewe unajenga kwa tofali la inchi sita. Ukuta huo hauwezi kumeza fremu ya namna ile. Itatokeza nje kama kitu kilichobandikwa, na maji yatasimama juu ya kizingiti. Usogeze mlango ndani, uujengee kuta mbili fupi za ubavuni zenye baraza, watu wakae. Hilo halifanyiki jengo likishakwisha. Husimuliwa kwamba wazee walisimamisha mlango kwanza, nyumba ikaufuata, na kwa kazi hii naona walikuwa na haki kabisa.

Mbao ziwe mvule, msaji au mbambakofi, na ziwe zimekauka. Mbao mbichi ikichongwa hupasuka katikati ya ua, na hakuna rangi itakayoficha. Miguu ya miimo isiguse ardhi, iwekee jiwe, kwa sababu ya mchwa. Mfaa, ule mti wa wima wa katikati ya mlango, upigiliwe kwenye bawa moja tu, ufunike mwanya wa mabawa mawili. Ukitaka kitasa cha kisasa, sema mapema ili fundi aache nafasi isiyo na nakshi, asije mtu wa vitasa akatoboa waridi kwa keekee.

Na mchongaji usimpe picha ya mlango wa hoteli ya mwenzako akuigizie. Mpe upana na urefu, mwambie jua linatoka upande gani, kisha mwache apange mwenyewe. Mlipe kwa hatua, kwa wakati, bila kumfuatafuata.

Kabla ya wiki kwisha, waambie waashi wasipige lipu kwenye uwazi wa mlango, nawe unitumie vipimo vyake, pamoja na kimo cha hatua ya mbele.

Mjomba wako