Kaka, hela hizi zina mkataba

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako kuhusu ada ya mdogo wetu nimeupata. Nimeusikia na ule wa sauti wa Mjomba, eti Marekani inanilipia masomo na nyumbani hamuoni hata senti. Huo umeniuma sana. Kwa nini hakuniuliza mimi kwanza, akaenda kuyasema mbele ya Mama?

Basi msomee haya. Ruzuku yangu inaitwa TEACH Grant. Haizidi dola 4,000 kwa mwaka, na inakwenda kulipia masomo chuoni. Tena nimeitilia saini: nikihitimu, nifundishe miaka 4 ndani ya 8 katika shule ya watoto wa familia za kipato cha chini, somo lenye uhaba wa walimu. Nisipotimiza, yote inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku kila fungu lilipotolewa. Wapo walimu waliokuwa wakifundisha vizuri tu, lakini kwa fomu kuchelewa wakaamka na deni, mpaka Wizara ya Elimu ya huku Marekani ikaja kurekebisha. Kwa hiyo habari ya kurudi nikimaliza, nije kusimamia lile shamba, kwa sasa haipo.

Lakini Kaka, nimechaguliwa! Ni ile programu ya kujifunza ualimu, wanaiita teacher residency: mwaka mzima ndani ya darasa la mwalimu mzoefu, kwa posho, huku unasoma shahada ya uzamili. Boston wanayo tangu 2003, na mfano wameuchukua kwa madaktari wanaofunzwa hospitalini. Mjomba aliyetaka niwe daktari asikie hilo. Waliomba wengi, wengine wamezaliwa hapahapa, na jina langu likatoka.

Nafundisha hisabati. Juzi mwalimu wangu mlezi aliniachia kipindi chote cha milinganyo. Kuna binti ambaye tangu shule ifunguliwe hajawahi kufungua daftari. Siku hiyo alinyanyuka mwenyewe, akaja ubaoni, akakokotoa hadi mwisho. Nilimkumbuka Baba na koti lake lililojaa vumbi la chaki, nikatamani angekuwepo hata dakika moja aone. Usiku ule sikulala, nilikuwa nawaza nyumbani tu.

Shule kama hizi walimu hawakai. Anakuja mgeni, anaondoka kabla hajajua majina ya watoto. Ndiyo maana wanatufunga na mkataba, na mimi naona ni haki. Hata bila saini nisingewaacha hawa.

Baridi nimeizoea. Kazi ya wikiendi ipo, tuyaache hayo.

Mwisho wa mwezi nitatuma nusu ya ada kutoka kwenye posho. Nusu iliyobaki Mjomba aitoe kwenye kodi ya nyumba ya Baba, maana wapangaji wanamlipa yeye na hatujawahi kuona hesabu. Risiti ya shule nitumie wewe, isipitie kwake.

Mama mwambie nitampigia Jumapili, aweke simu karibu.

Mdogo wako.