Izmail si mji wa pwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu Izmail, mji wa Ukraine unaotajwa katika habari zetu kila unaposhambuliwa, kisha ukasahaulika. Aghalabu huitwa bandari ya Bahari Nyeusi, ilhali uko kando ya mto Danube, kwenye mkono wa Kiliia, takriban kilomita 80 kutoka baharini, na ng'ambo ya mto ni Romania. Asiyelijua hilo hataelewa kwa nini mji wa watu wapatao 70,000 umegombaniwa na dola nyingi kiasi hicho.

Waturuki wa Dola ya Osmani walijenga hapo ngome ya kulinda njia ya mto. Jenerali Suvorov wa Urusi aliiteka Desemba 1790 kwa umwagaji mkubwa wa damu, mkataba wa 1792 ukairejesha kwa Waturuki, na mwaka 1812 ikawa ya Urusi pamoja na Bessarabia yote, yaani eneo lililo kati ya mito Prut na Dniester. Baada ya vita vya Crimea, mataifa ya Ulaya yaliyotaka Urusi isogezwe mbali na mdomo wa Danube yaliukabidhi mji kwa Moldavia, dola ndogo jirani ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya Romania, mwaka 1856. Urusi ikautwaa tena 1878. Mtu aliyezaliwa pale mwaka 1910 alianza chini ya mfalme wa Urusi, akatawaliwa na Romania kuanzia 1918, na Wasovieti 1940, na Romania tena 1941, na Wasovieti tena 1944, na kama alijaliwa kufikia 1991 akawa raia wa Ukraine, yote hayo bila kuhama nyumba. Msikiti wa ngome ungalipo, na enzi za Wasovieti uliwekwa ndani yake mchoro mkubwa wa shambulio la Suvorov, jambo ambalo mimi naliona ni ufidhuli wa mshindi.

Urusi ilipojitoa Julai 2023 katika makubaliano yaliyoruhusu nafaka ya Ukraine kusafirishwa kupitia Bahari Nyeusi, shehena nyingi zilielekezwa Danube, na tarehe 2 Agosti droni zikapiga bandari ya Izmail. Kenya hununua ngano ya Ukraine, hivyo habari hizi zinatuhusu. Septemba mwaka huohuo vipande vya droni viliokotwa karibu na Plauru, kijiji cha Romania kilicho ng'ambo ya Izmail, yaani ndani ya nchi mwanachama wa NATO.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, habari ijayo ya Izmail ichapishwe na ramani ndogo inayouonyesha mto, mpaka na bahari.

Msomaji wako,
Mombasa