Shoga, huku Dodoma watu wanakula nini?

Ilazo, Dodoma
Jumapili usiku

Mama Ilham shoga yangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi hatujambo, watoto wazima, na baba yao mguu umepona, ameanza tena kujidai na mpira wa jioni. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala, konda akakushinda kwa makelele. Mara ya pili nilikuwa jikoni nachagua mchele, ndipo nikakuelewa: uuze friza, uache tenda za maharusi, uje kufungua mgahawa Dodoma, kwa sababu shemeji yako kakwambia serikali yote iko huku na hakuna chakula cha maana. Nimeona nisikujibu kwa sauti, ningeropoka tu. Nakuandikia.

Hilo la "hakuna chakula" nalisikia tangu 2017 tulipopewa barua za uhamisho. Wanaolisema zaidi ni watu wa Dar, na mara nyingi mtu anamaanisha hakuna bahari. Chakula kipo, shoga. Sensa ya 2012 ilikuta watu laki nne na ushee hapa mjini, ya 2022 ikakuta zaidi ya laki saba na nusu, na wote hao hawashindi na njaa. Kila ghorofa jipya likisimama, chini yake mgahawa. Ukitaka kihindi kipo, kichina kipo, nyama choma ndiyo usiseme. Ila shemeji yako kagusa kitu asichokijua jina. Kaa huku mwezi mmoja, kila mchana ule nje, mwisho wa mwezi utagundua umekula chakula kimoja mara thelathini.

Wiki iliyopita nilipata mgeni wa kikazi kutoka Mombasa, mtu mzima mstaarabu, nikampeleka hoteli fulani ya heshima, jina nalimeza. Tukaletewa menyu ya kurasa nane, imelaminishwa, na picha za vyakula ambavyo nadhani vilipigwa nchi nyingine. Nikaagiza samaki wa nazi. Binti akasema wameisha. Makange ya mbuzi? Mbuzi leo hawajapata. Mtori? Akacheka kidogo, akainamia kidaftari chake: "Dada, kwa sasa iliyopo ni chips kuku, chips mayai na wali kuku." Sasa si angetuambia mapema, kabla hatujasoma kurasa nane! Tukangoja saa nzima na dakika kumi. Kuku alipofika alikuwa amekaangwa, akapoa, akarudishwa tena kwenye mafuta. Ngozi inavunjika kama kigae, ndani uzi mtupu. Pembeni kachumbari ya nyanya moja na chupa ya tomato. Elfu kumi na mbili sahani. Mgeni wangu akala kimya, kisha akaniuliza kwa upole wa watu wa pwani, "Na huu ndio mji mkuu wenyewe?" Niliona haya kama niliyempikia mimi.

Nikueleze sababu kama ninavyoiona, maana mimi ni mhasibu, na ankara za vyakula hivyo zinapita mezani kwangu kabla hazijalipwa. Hapa mjini, shoga, anayelipia chakula siye anayekila. Ofisi ina semina ya siku tatu, watu sitini. Inaomba bei kwenye kumbi tatu: chai ya saa nne, chakula cha mchana, maji ya chupa. Anayetaja bei ndogo kwa kichwa anachukua kazi. Mpishi akishaipata hajiulizi nani atajilamba vidole, anajiuliza nani asilalamike. Ndipo unapopangiwa yale masufuria ya kung'aa yenye moto chini: wali mweupe, pilau isiyo na nyama, ndizi, chips zilizolegea, kuku, samaki mkavu, nyama ya rosti, mchicha, kabichi, na mwisho tikiti maji lililokatwa pembetatu. Kila ukumbi ndivyo. Nifunge kitambaa machoni unipeleke kumbi kumi, sitakwambia niko wapi. Na hakuna anayegomba, kwa sababu hakuna aliyetoa mfukoni. Unasimama foleni na kuponi yako, unajaza sahani mpaka mlima, unarudi kusinzia kwenye mada ya mchana.

Jambo la pili ni kalenda. Bunge la bajeti linakaa Aprili hadi mwisho wa Juni. Miezi hiyo nyumba za wageni zinajaa, mchele unapanda, hata muuza maji anakuangalia kwa jicho la kiburi. Wakishaondoka, Julai unaweza kulala katikati ya barabara. Na hata miezi ya kawaida, wenzetu wengi familia zao zimebaki Dar. Sisi Tanga tunajisifu na ule msemo wetu, waja leo waondoka leo. Huku wanakuja Jumatatu wanaondoka Ijumaa. Treni ya SGR ilipoanza kufika hapa 2024 ndiyo imewapa miguu kabisa, maana mtu akipanda jioni, usiku huohuo yuko kwake. Jumamosi mgahawa wa karibu na ofisi zetu una paka wawili na mlinzi. Sasa mwenye mgahawa atajaribu pishi jipya kwa ajili ya nani? Anayekula leo humjui, kesho kutwa hayupo, akichukia hatarudi kukwambia, akipenda pia hatarudi. Unampikia kuku.

Lakini usidhani mji mzima uko hivyo. Nyuma ya soko la Majengo kuna mama lishe mmoja, ana meza mbili na mabenchi manne. Nilipelekwa na mfagiaji wetu wa ofisini, Mgogo, mwenyeji wa hukuhuku Chamwino, aliyechoka kunisikia nalalamika. Mezani palikuwa na wali, maharage, nyama, mchicha, kama kwa mama lishe yeyote. Mfagiaji akamsemesha kikwao, mama akainama, akatoa chungu chini ya meza. Mlenda. Si ule wa bamia tunaoujua sisi. Huu ni wa majani ya porini, anayakausha mwenyewe, anayatwanga, anayachekecha, unga wake anautunza kwenye kopo la siagi. Akachemsha maji mbele yangu na magadi kidogo, akamimina ule unga huku anapekecha na upekecho kati ya viganja viwili, harakaharaka, mpaka ukaanza kupanda na kuvutika. Kisha karanga za kupondwa, ngogwe mbili zilizochemshwa, akafunika. Ugali ulikuwa wa uwele, rangi ya majivu, una harufu kama ya nafaka iliyokaangwa. Ulipofika mdomoni, Mama Ilham, nilimkumbuka bibi na bada lake, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wakavu wa ng'onda. Ladha hazifanani hata kidogo. Ila ulikuwa ule uhakika wa mtu anayejua anachokipika.

Nikamuuliza kwa nini chungu kinakaa chini. Akajibu huku anafuta meza, "Wenye tai wakija wanaagiza wali. Mlenda wanaagiza kwa kunong'ona, tena wanataka niwawekee kwenye hotpoti wapeleke nyumbani."

Nikasema, labda wageni hawajauzoea.

"Wageni gani? Wagogo wenyewe!"

Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi. Mji huu ulitangazwa makao makuu 1973, umengoja miaka zaidi ya arobaini serikali ihamie kweli, na ilipohamia umevaa suti na kuficha chungu. Angalia zabibu. Mkoa mzima unajulikana kwa zabibu tangu enzi za mapadri wa Bihawana, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, msimu ukifika vijana wanazikimbiza hadi dirishani kwa basi. Ingia hotelini uagize juisi ya zabibu: utaletewa ya boksi. Samaki nao ndivyo. Bwawa la Mtera lina perege wazuri, wanafika sokoni asubuhi, mtu anampita anakwenda kununua aliyegandishwa kwa sababu kwenye menyu imeandikwa sangara. Asali, ukwaju, ubuyu, karanga, alizeti, mbuzi, kondoo, vyote viko mlangoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuviweka juu ya meza bila kuona haya.

Sehemu moja tu naweza kukuambia haina haya hata kidogo, nayo ni mnada wa Msalato. Huko hupewi menyu. Unakuta nyama imening'inia, unanyoosha kidole, paja hili, mbavu hizi, inapimwa, inachomwa mbele yako na ndizi, inakatwakatwa juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni. Mkurugenzi na mchunga mbuzi wanakula bega kwa bega, na kila mmoja ametoa hela yake. Umeona? Pale anayelipa ndiye anayekula, na mchomaji akiharibu anaambiwa palepale, tena kwa sauti.

Sasa usije ukasema nimekuwa Mgogo nawasema watu na kwetu nakusahau. Tanga nako, tukiwa wakweli, mapishi ni yaleyale tangu tuko chuoni: samaki wa kupaka, wali wa nazi, mahamri, mikate ya kumimina. Sijawahi kusikia mtu akilalamika hakuna vyakula vingi. Kwa hiyo mimi wingi wa vyakula si hoja yangu. Kuna mwenzangu ofisini anasema mji hauwezi kuitwa mji bila sushi. Huyo mwache na matamanio yake. Mimi nataka mtu anipikie kitu kimoja kama vile anajua nitarudi kesho.

Haya, nirudi kwenye friza lako. Usiliuze bado.

Kama unakuja kufungua ukumbi wa bafe, baki Tanga. Wako wengi, wanauana kwa bei, na ofisi zinachelewa kulipa. Hili nalisema mimi ninayecheleweshwa kusaini hizo hundi, najua mateso ya wale akina mama wanaokuja kukaa kwenye benchi letu na faili za ankara. Miezi mitatu, minne, mtu ameshakopa mchele, ameshakopa gesi. Wewe na presha yako hutaweza.

Kama unakuja kupika pilau na biriani la Tanga, utauza, sikatai. Watu wa pwani tuko wengi huku na tuna hamu. Lakini utakuwa umetuletea kumbukumbu tu, sisi wageni, na Ijumaa tutakuacha na paka.

Ninachokiota mimi, na unisamehe kama naota kwa friza la mwenzangu, ni mkono wako na vitu vya hapa. Perege wa Mtera uliyempaka vile unavyompaka samaki changu, na ukwaju wa hapahapa. Mbuzi wa Msalato kwa tui zito. Mlenda na karanga kwenye bakuli la maana, juu ya meza, mtu yeyote auone. Nilijaribu huyo perege wa kupaka Jumapili iliyopita. Baba Nasri alikula watatu akasema, "Huyu samaki anajua kuogelea kwenye nazi," nikajua amefurahi, maana akichukia huwa anasema tu asante. Nazi ndiyo tatizo: zinatoka kwenu, zinafika zimechoka, na bei yake utalia.

Sehemu, mimi ningekwepa Mtumba kwenye mji wa serikali. Saa kumi jioni panabaki upepo. Tafuta mtaa ambao watu wanalala: Kisasa, Nkuhungu, Chang'ombe, au upande wanaokaa wanafunzi wa UDOM, chuo kikuu chetu, japo hao hela yao ni ya chipsi zege na hawana aibu kukopa. Mtaani watu wanakujua kwa jina, wakikuta chumvi imezidi watakwambia. Huko ndiko utakakopata wa Jumamosi.

Halafu maji. Hili watu hawalisemi. Maji ya huku yana chumvi chumvi, chai inabadilika ladha, maharage yanakaa motoni hadi unaanza kumshuku aliyekuuzia. Mgao nao upo. Simtanki ni kitu cha kununua kabla ya meza.

Usije Aprili, utadanganyika, utaona mji umefurika ukadhani ndivyo ulivyo. Njoo Julai, wabunge wameondoka, uone wanaobaki. Panda basi hadi Morogoro, hapo uchukue treni, nitakupokea stesheni. Utalala chumba cha Nasri, yeye atalala sebuleni, ameshakubali kwa masharti ya mkate wa kumimina. Siku ya kwanza nakupeleka Majengo kwa yule mama. Nimeshamwambia nina shoga yangu mpishi wa Tanga, akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama unajua kushika upekecho. Nikajibu unajua. Kwa hiyo anza kujifunza.

Na uje na ng'onda, kilo mbili, zifunge vizuri kwenye magazeti; mara ile abiria wenzako walitaka kukushusha Chalinze.

Wasalaam,
Mama Nasri