Kiberiti kipo, moto hauwaki: tufundishe kuni kwanza

Mhariri,

Msimu wa safari na kambi unapokaribia, magazeti na simu zetu hujaa maelekezo ya kuwasha moto porini. Karibu yote huanzia mahali pamoja: betri na sufi ya chuma (zile nyuzi laini za kusugulia sufuria), miwani na jua, vijiti viwili vya kupekecha. Yanavutia kusoma. Lakini mtu aliyenyeshewa, na giza linamwingilia, mara nyingi ana kiberiti mfukoni na bado moto unamshinda. Atamaliza njiti kumi na tano, ishirini, aambulie moshi tu. Kiberiti chake hakina kosa. Kuni ndizo zilizomwangusha. Naomba nafasi nieleze kazi hii kwa mpangilio ambao ningependa gazeti lako liufuate kila linapoandika juu ya moto wa nje: kuni kwanza, kiberiti mwisho.

Ukuni ukipata joto hutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazoshika moto, kwenye takriban nyuzijoto 300 za Selsiasi. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na maji hayo hayana budi kuchemka na kutoka, kwenye nyuzijoto 100, kabla ukuni haujapanda joto zaidi. Njiti ya kiberiti huwaka sekunde chache tu. Muda huo hautoshi kukausha ukuni wa unene wa kidole, sembuse kuuwasha. Unatosha unyasi mwembamba kama unywele. Unyasi utawasha kijiti chembamba kama njiti, hicho kitawasha cha unene wa penseli, cha penseli kitawasha cha unene wa kidole gumba, na hicho ndicho kitakachowasha gogo dogo la unene wa kifundo cha mkono. Ukiruka daraja moja katika ngazi hiyo, moto unafia hapo hapo.

Basi kabla hujagusa kiberiti, kusanya na upange kwa mafungu. Fungu la kwanza ni la kiota: nyuzi kavu na laini ambazo ukiziviringisha pamoja zinapata ukubwa wa ngumi mbili. Nyasi zilizokauka zikiwa zimesimama zinafaa, vivyo hivyo nyuzi za ndani ya gome la mti mkavu, maranda membamba, au kamba ya katani iliyofumuliwa. Nyasi zilizolala chini achana nazo. Hunyonya unyevu wa udongo hata zikionekana kavu. Sugua nyuzi hizo kati ya viganja mpaka zilainike na vumbi lianze kudondoka. Vumbi hilo lirudishe katikati ya kiota, maana ndilo linaloshika kwanza.

Fungu la pili ni vijiti vya unene wa njiti, vya kujaza mikono miwili. Hili ndilo fungu ambalo watu hulidharau, na ndilo linaloua moto mwingi kuliko mvua. Mtu huokota vijiti kumi, akaweka juu yake ukuni wa mkono mzima, akashangaa. La tatu ni vijiti vya unene wa penseli hadi kidole gumba, mzigo wa kukumbatia. Kisha kuni zenyewe. Za kukesha, kusanya unazodhani zinatosha, halafu rudi ulete mara tatu ya hizo wakati bado kuna mwanga.

Namna ya kujua ukavu ni kuvunja. Kijiti kikikatika kwa mlio, ka!, ni kikavu. Kikipinda au kikichanika bila kuachana, kina maji. Chembamba usichokiamini kigusishe shavuni: chenye unyevu utakisikia baridi.

Mvua ikiwa imenyesha siku nzima, kuni kavu bado zipo, ila haziko chini. Tafuta matawi yaliyokufa yakiwa bado yananing'inia mtini, hasa ya chini yaliyokingwa na majani ya juu, au mti mdogo uliofia wima. Nje vitakuwa vimelowa, ndani vikavu. Chukua kipande cha unene wa kifundo cha mkono, urefu wa sentimita 30, kisimamishe, weka makali ya kisu imara juu yake na ugonge mgongo wa kisu kwa gogo dogo mpaka kipasuke. Kipasue tena, vipande vinne, vinane. Gome lenye maji tupa kando. Kutoka kwenye moyo wa ukuni huo, chonga kijiti chenye maranda: kisu kikilala karibu sambamba na kijiti, teremsha unyoe randa refu lakini usilikate, liachie likining'inia kwenye kijiti, kisha jingine juu yake, mpaka yafike ishirini au thelathini. Yakijikunja kama nywele za kipilipili, ni membamba vya kutosha. Yakibaki yamenyooka, bado ni mazito na njiti haitayaweza. Vijiti vitatu vya namna hiyo vinashika nafasi ya kiota pale ambapo hakuna unyasi mkavu hata mmoja.

Ardhi iliyolowa nayo hunyonya joto. Tandika vijiti vya unene wa kidole gumba sambamba, kama mkeka wa sentimita 30 kwa 30, na moto uuwashe juu yake.

Sasa mpangilio. Ile piramidi nzuri ya kwenye picha huanguka mapema na kuzima ilichokibeba. Njia inayosamehe makosa ni hii: laza gogo moja la unene wa mkono upande unaokwenda upepo, egemeza vijiti vyembamba juu yake kama paa la upande mmoja, na kiota kikae chini ya paa hilo, upande wazi ukiutazama upepo. Upepo utausukuma mwali ndani ya vijiti badala ya kuutoa nje. Nafasi kati ya kijiti na kijiti iwe sawa na unene wa kijiti chenyewe. Vikibanana, hewa haipiti na utapata moshi mzito mweupe. Vikiachana sana, kimoja kinawaka na kuzimika peke yake bila kumpa jirani joto.

Hapo ndipo kiberiti kinapotoka mfukoni. Upe upepo mgongo, piga magoti karibu na kiota, si kwa kunyoosha mkono kutoka mbali. Washa njiti ndani ya kikombe cha viganja na uiinamishe kichwa chini kidogo, mwali upande kwenye kijiti chake. Subiri ule mfoko wa kwanza utulie. Kisha peleka mwali chini ya kiota, usiuweke juu, upande unaotoka upepo, na uutulize hapo. Kiota kikishika, mikono ivute nyuma. Wengi huua moto dakika hii kwa kuuchokonoa na kuupuliza. Mwali uliokwisha simama hauhitaji pumzi yako. Kinachopulizwa ni kaa, na hupulizwa kwa pumzi ndefu nyembamba kutoka chini. Ongeza vijiti vya penseli pale tu mwali unapopenya juu ya vile vya kwanza.

Mwenye mshumaa ana bahati: njiti moja iwashe mshumaa, na mshumaa ukae chini ya vijiti dakika tano. Kinachoushinda mshumaa kwa wepesi ni pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Chukua kitonge cha pamba halisi, kikandike mafuta hayo, lakini acha sehemu ya katikati ikiwa kavu. Wakati wa kuwasha kichane ili nyuzi kavu zijitokeze. Kikilowa mafuta chote hakishiki cheche. Kikishika, kinawaka dakika kadhaa hata chini ya manyunyu. Vitonge kumi vinaingia kwenye kichupa cha dawa. Utepe wa tyubu ya baiskeli, urefu wa kidole, nao huwaka mvuani, ila moshi wake ni mbaya kwa mapafu, kwa hiyo uwe wa kuwashia tu na ukae mbali na chochote kitakacholiwa.

Kuhusu kiberiti chenyewe, njiti za kawaida zinahitaji ubavu wa kasha lake. Kichwa cha njiti kina klorati ya potasiamu. Fosforasi nyekundu iko kwenye ule mstari wa kukwaruzia. Ukihifadhi njiti kavu na kasha likalowa, huna kiberiti. Kata ubavu huo uutie pamoja na njiti ndani ya chupa inayofungwa vizuri. Kiberiti cha gesi nacho hugoma kwenye baridi kali, kwa sababu gesi ya butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzijoto sifuri. Kiweke kwapani dakika chache. Kikilowa, kipulize na ulizungushe gurudumu lake juu ya kitambaa mpaka likauke.

Kama kuna kitu kimoja cha kuongeza kwenye mkoba, ni kijiti cha feroseriamu, mchanganyiko wa metali ambao Carl Auer von Welsbach wa Austria aliupatia hataza mwaka 1903. Cheche zake hufika takriban nyuzijoto 3,000 na maji hayakiharibu, kifute tu. Kwanza kwangua rangi nyeusi iliyokifunika, bila hivyo hakitoi kitu. Tumia mgongo wa kisu wenye ukingo mkali. Ncha ya kijiti ikae ndani ya kiota, kisu kitulie, na kijiti ndicho kivutwe nyuma. Anayesukuma kisu mbele huishia kukitawanya kiota alichohangaikia nusu saa.

Zile njia za magazetini zinafanya kazi, kwa masharti. Sufi ya chuma iwe laini kabisa. Ukiigusisha ncha zote mbili za betri ya volti 9 inawaka nyekundu mara moja na kuisha mara moja, kwa hiyo kiota kiwe tayari, na vitu hivyo viwili visisafiri kwenye mfuko mmoja. Lenzi ya kukuzia inahitaji jua kali na doa la mwanga lililobanwa hadi likawa dogo kabisa. Miwani ya mtu asiyeona mbali haisaidii hata kidogo, kwani lenzi zake hutawanya mwanga. Kupekecha ndiyo njia ya mwisho. Ulindi, yaani kijiti kinachozungushwa, na wimbombo, kipande cha chini chenye shimo, viwe vya mti mkavu mwepesi usio na utomvu, unaoachia alama ukiubonyeza kwa ukucha. Kwenye wimbombo chonga pengo linalofika karibu na katikati ya shimo, kama kipande kimoja cha keki iliyogawanywa mara nane, ili unga ukusanyike mahali pamoja. Unga wa kahawia unadai kasi na mgandamizo zaidi. Mweusi unaoendelea kufuka baada ya kuacha kupekecha tayari una kaa ndani. Usiuharakishe. Upepee kwa kiganja hadi wekundu uonekane, ndipo uuhamishe kwenye kiota na upulize. Asiyeijaribu njia hii siku ya jua asiitegemee siku ya dhoruba.

Petroli isimwagwe kwenye moto, hasa unaofuka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kulipuka kabla mwali hauonekani. Kitakasa mikono chenye alkoholi huwasha vizuri, lakini mwali wake mchana hauonekani, na watu huongeza kingine wakidhani umezimika. Mawe ya mtoni yaliyonyonya maji yasizungushwe motoni. Mvuke wa ndani huyapasua. Mbao zilizotiwa dawa au rangi, na miti yenye utomvu mweupe kama maziwa, visichomwe. Na jiko la makaa lisiingizwe hemani kwa baridi yoyote ile: monoksidi ya kaboni haina harufu, na aliyelala haamki.

Anayetafuta kuokolewa awashe mioto mitatu, kwa pembetatu au mstari mmoja, hatua thelathini hivi kati ya mmoja na mwingine. Hiyo ni ishara ya dhiki inayotambulika kimataifa. Mchana majani mabichi juu ya moto mkali yatatoa moshi mweupe. Usiku acha mwali peke yake. Kama nguvu za mioto mitatu hazipo, mmoja usiozimika unatosha.

Moto wowote uwe mbali na matawi yanayoning'inia, angalau mita 3 kutoka hemani, juu ya udongo mtupu uliofagiliwa. Mizizi na udongo wenye majani yaliyooza hufuka chini kwa chini na kuibukia kwingine siku ya pili. Kuuzima, mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti, mwaga tena mpaka usisikie makaa yakilia "shh". Pasipo maji, changanya makaa na udongo ukikoroga muda mrefu. Kuyafukia tu hakuzimi: chini ya mchanga hukaa na joto kwa saa nyingi, na anayefuata kupita hapo peku ndiye anayeungua. Kabla hujaondoka, sogeza mgongo wa kiganja juu ya majivu, kisha uyaguse. Kama mkono hauwezi kutulia pale, rudia kumwaga na kukoroga.

Msomaji wako