Wazee wa Michenzani washushwe chini

Ndugu Mhariri,

Nyumba za maendeleo za Michenzani, majumba ya ghorofa hapa mjini Unguja, zilijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ili mnyonge apate makaazi bora. Waliohamia wakiwa vijana sasa ni wazee, na ngazi ni zile zile. Mama yangu mkubwa, anayekaa ghorofa ya tano, hushuka siku ya kliniki tu, akishikwa mikono na wajukuu. Pensheni jamii, iliyoanza 2016 kwa waliotimiza miaka 70, anaipata, alhamdulillahi. Lakini haimpunguzii hata kidato kimoja.

Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, anawajua wazee wake kwa majina. Manispaa na Shirika la Nyumba wakae naye: nyumba ya chini ikiwa wazi, apewe kwanza mzee wa juu.

Mkaazi, Mjini Unguja