Tunapowafungia vijana mizigo ya Ulaya, tukumbuke na giza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi, walezi na ndugu wanaojiandaa kumsindikiza kijana wao uwanja wa ndege aende kusoma au kufanya kazi katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Ninaishi na familia yangu Helsinki, Ufini, na kila mwaka inapofika Agosti na Septemba tunawapokea Watanzania wageni, wengi wao wanafunzi, ambao kwa mambo makubwa wamejiandaa vizuri: ada imelipwa, bima ipo, kibali cha kuishi kimepatikana na koti zito limenunuliwa. Wasichoandaliwa ni yale mambo madogo ya kila siku yanayomwezesha mtu kuufikia mwezi Machi akiwa bado na nguvu na hamu ya maisha. Hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa sababu tukiyapuuza anayeumia ni kijana aliye peke yake chumbani, mbali na mtu yeyote wa kumwangalia usoni akatambua kwamba hayuko sawa.

Wengi nyumbani huogopa baridi. Baridi ipo, na usiku wa Januari au Februari inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini nyumba za hapa zimejengwa kwa ajili yake. Madirisha mengi yana vioo vitatu, na joto la ndani hukaa kwenye nyuzi 20 au 21 majira yote. Kinachomlemea mgeni ni giza. Mwishoni mwa Desemba jua la Helsinki huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri, na siku nyingi hata saa hizo chache hufunikwa na mawingu. Huko Utsjoki, kaskazini kabisa mwa nchi, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mtu aliyekulia Dar es Salaam, ambako tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifikii saa moja, hana mahali alipowahi kujifunza jinsi ya kuishi namna hiyo. Mwezi mgumu zaidi, kwa maoni yangu, ni Novemba, kwa kuwa majani yameshapukutika, mvua inanyesha, na theluji, ambayo walau hurudisha mwanga kidogo kutoka ardhini, bado haijatulia.

Kijana wa namna hiyo huanza kulala sana bila kupumzika, huacha kupika, huacha kupokea simu, na kwa kuwa nyumbani wanaamini kwamba Ulaya ni raha tupu, huona aibu kusema. Madaktari wanaifahamu hali hii, na tangu mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake walipoieleza katika maandishi ya kitabibu, imekuwa ikitambuliwa kuwa aina ya sonona inayokuja na majira. Anayefika huko anahitaji daktari, na hapa daktari hupatikana. Mimi nazungumzia hatua za kabla ya hapo, ambazo kila mmoja anaweza kuzichukua.

Naanza na chai, na naomba msomaji asidhani ninafanya mzaha. Katika mzigo wa kijana wekeni iliki, mdalasini na majani ya chai ya nyumbani, vikiwa vimefungwa vizuri, pamoja na kinu kidogo cha mbao. Asubuhi ambayo dirisha bado ni jeusi, kutwanga tangawizi na punje chache za iliki, kuchemsha maziwa na maji kwa moto mdogo hadi rangi ikolee, kisha kujaza chupa ya chai ya kwenda nayo chuoni, ni kazi ya dakika 15 inayompa mtu sababu ya kutoka kitandani na harufu ya kwao kabla hajakutana na mlango wa nje. Nimeona wanafunzi waliokuwa hawaelewani kwa lolote wakifanywa marafiki na chupa hiyo moja. Unga wa mahindi, maharage na mihogo iliyogandishwa hupatikana katika maduka ya wageni eneo la Hakaniemi, hivyo hakuna haja ya kulipia kilo za ziada kwa ajili ya unga. Lakini kijana afundishwe kupika kabla hajaondoka, wa kiume kwa wa kike, kwa maana Jumamosi ya maandazi na wenzake watatu ina faida kubwa kuliko fedha mnazomtumia kununua chakula cha tayari.

Pili ni mwanga wenyewe. Wenyeji wengi huweka mezani taa maalumu yenye nguvu ya luksi (kipimo cha mwanga) 10,000, wakakaa karibu nayo kwa nusu saa hivi asubuhi wakila au wakisoma, na mtu mwenye maradhi ya macho au anayetumia dawa za akili amwulize daktari kwanza. Mwanga unaoingia machoni asubuhi huusaidia mwili kujua kwamba usiku umekwisha. Bei ya taa hiyo ni kubwa kwa mwanafunzi, lakini wanne wanaoishi nyumba moja wanaweza kuichangia. Asiyeweza kununua atoke nje saa sita mchana, hata kama kuna mawingu, hata kwa dakika 20, kwa sababu mwanga wa nje wakati huo bado unazidi kwa mbali taa za kawaida za ndani. Vitamini D nayo isisahaulike. Jua la majira haya haliwezi kuitengeneza mwilini, ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe, na mamlaka za afya za hapa zinashauri watu wazima wasioipata ya kutosha katika chakula watumie mikrogramu 10 kwa siku katika miezi ya giza. Na kila koti liwe na kiakisi mwanga, kwani sheria ya barabarani inamtaka mtembea kwa miguu akivae gizani.

Yapo pia mambo ambayo wenyeji wameyafanya kwa vizazi na ambayo wageni wetu huyapita kwa haya. Majengo mengi ya ghorofa yana sauna, yaani chumba cha mvuke wa moto, ya pamoja, na mpangaji huweza kupata zamu yake ya kila wiki. Vijana wetu huikimbia kwa sababu wamesikia kwamba watu huingia bila nguo, hali zamu ni yako wewe na uliowachagua, na hakuna atakayekulazimisha lolote. Kukaa katika mvuke ule mpaka mifupa ipate joto, ukatoka nje ukiwa umejifunga taulo na mwili ukifuka moshi kwenye hewa ya baridi, kunaleta usingizi ambao dawa haziwezi kuuleta. Bibi wengi wa Kifini hufuma soksi za sufu na kuzigawa. Akizikuletea jirani, zipokee, uzivae, na umpelekee maandazi. Maktaba nazo ni za bure, zina joto na taa nzuri, na ile ya Oodi iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 2018 ina hata cherehani ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Mwislamu naye Desemba hukuta adhuhuri, alasiri na magharibi zimekaribiana sana, na wapo walioniambia kwamba sala hizo ndizo zilizoyapa masaa yao mipaka wakati saa ya ukutani haikuwa na maana tena.

Lakini lililo mikononi mwenu mlio nyumbani ni simu. Tangu Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi, Ufini iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja tu, kwa hiyo mkipiga saa mbili usiku baada ya chakula, kijana wenu yuko saa moja jioni na giza limeshamkalia muda mrefu. Chagueni siku na saa, mzishike. Siku hiyo msizungumzie ada ya mdogo wake, wala bati za nyumba, wala mchango wa harusi. Hayo yana siku yake. Mwambieni mvua imenyesha au haijanyesha, ng'ombe amezaa, jirani amehama, na mama aachie simu jikoni sauti za sufuria zisikike. Akisema amechoka, msimjibu kwamba wenzake wanaitamani nafasi hiyo. Mwulizeni amekula nini leo, na kama ametoka nje mchana.

Wako,
Mtanzania mkazi wa Helsinki,
Ufini.