Utakula wapi ukiwa hifadhini? Amua kabla ya kufika langoni

Wageni wanaopanga safari nasi huanza kuuliza habari za simba, gari na malazi. Suala la chakula huja mwisho, mara nyingi tukiwa tayari njiani na njaa imeshaanza kuuma. Tungependa lije mapema, kwa sababu ndani ya hifadhi ya taifa mahali pa kula ndipo panapoamua siku nzima itakwendaje.

Anza na umbali. Hifadhini gari haliendi mbio: Kruger, Afrika Kusini, mwisho ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe. Tuseme umempata chui asubuhi, na mgahawa wa loji uko kilomita 40 kutoka hapo. Kwenda karibu saa moja, kurudi vivyo hivyo, na mezani saa moja na ushee. Mchana umekwisha. Tena loji nyingi hazimpokei mpita njia asiyetoa taarifa, maana jiko limepikia waliolala hapo. Ndiyo sababu siku ya kuzunguka tunapendekeza chakula cha kubeba. Mgahawa tunauweka siku ya kuhama kambi, pale njia yenyewe inapopita karibu nao.

Mji ulio nje ya lango unafaa kwa chakula cha jioni au kununua mahitaji. Kwa mchana haufai: kutoka na kuingia tena kunakula muda, na tiketi nyingine haziruhusu.

Chakula cha kubeba nacho hakiliwi popote. Penye wanyama hatari unashuka garini kwenye maeneo yaliyotengwa tu, na dereva akikukatalia kushuka chini ya mti mzuri, ana sababu. Eneo la pikiniki huwa na choo na uwazi wa kutosha kuona kinachokuja. Hata hapo, usijisahau. Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, mwewe wanakijua chakula cha mchana kuliko wageni: hushuka ghafla wakapokonya kipande cha kuku mkononi, na kucha zao zinachana. Hapo ni bora kula ndani ya gari, kisha ndiyo ushuke kunyoosha miguu. Penye nyani funga vioo, hata kama ni mmoja tu na amekaa mbali.

Na tafadhali, usimtupie mnyama hata ganda la ndizi. Yellowstone, Marekani, dubu walikula kwenye majalala kwa miaka mingi. Majalala hayo yalipofungwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, dubu walifuata chakula cha watu kambini, na wengi wakauawa. Ndiyo maana mabaki yote tunarudi nayo.

Kuna jambo la joto ambalo watu hulipuuza. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1 tu. Boksi linalofungwa saa 11 alfajiri likaliwa saa 7 mchana limekaa saa nane! Kuku, mayai, mtindi na chochote chenye mayonizi vinahitaji kasha lenye barafu ya kutosha. Kama gari halina, beba mkate, karanga, biskuti na matunda yasiyomenywa. Tumbo likiharibika porini, choo kinaweza kuwa mwendo wa saa nzima.

Angalia pia vifungashio. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019. Kenya, tangu Juni 5, 2020, hairuhusu plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, kwenye hifadhi zake. Chupa ya chuma ya kujaza tena inakutosha kote.

Unapoweka nafasi kwetu, tuandikie nani hali nyama, nani ana mzio wa karanga, nani anatumia dawa zinazotaka chakula kwa saa maalumu, na kama kuna mtoto mdogo. Kambi za ndani huletewa vyakula kutoka mbali kwa gari la mizigo, na ombi la siku hiyohiyo mara nyingi mpishi hana namna ya kulitimiza.